Mtoto Asiyeitika

4 Machi

Mke wangu amenipa daftari hili na kuniambia hasira zangu niwe naziandika kwanza kabla sijazitoa. Haya, tuone.

Mvua imeanza, na wazazi wote waliosahau sare za shule wamekumbuka siku moja. Nimeshona sketi mpaka mgongo unadai haki yake. Shangazi, dada yake marehemu baba, yuko upande wake wa duka anatoboa matundu ya vifungo na kuimba wimbo ambao hata yeye hajui unaishia wapi. Humu ndani hatuitani kwa majina. Cherehani zikikimbia na mvua ikipiga bati, anayeita anajichosha koo bure. Tunagonga meza kubwa ya kukatia kwa mpini wa mkasi. Mara moja ni mimi, mara mbili ni Shangazi, mara tatu ni binti yangu. Aliyeitwa anainua uso, anaonyeshwa kwa mkono: uzi, chaki, pasi. Binti yangu ana miaka sita na tunamwita Kifungo, kwa kuwa tangu aanze kutambaa kazi yake ni kuokota vifungo chini ya meza hiyo. Kati yetu sote yeye ndiye mwepesi wa kugeuka.

Leo sina hasira. Mama Kifungo asome hapa aone.

7 Machi

Mvua. Kifungo ana makamasi tena. Mafua ya mwezi uliopita hayajaaga vizuri, haya mengine yameingia.

11 Machi

Nimeitwa shuleni. Mwalimu wake ni mwanamama mrefu mwenye sauti ya chini, na alinikalisha kwenye kile kiti kidogo cha watoto ili nijisikie mdogo, nadhani.

"Baba Kifungo, mwanao si mjinga," akaanza. "Ni mkaidi. Nikisema fungueni vitabu, anangoja wenzake wafungue kwanza. Nikimwita jina, kimya. Nikimfuata karibu ananitazama usoni hivi, ananipima."

"Nyumbani haitiki hivyo?" akaniuliza.

"Nyumbani anaitika hata kabla hujamaliza kumwita," nikamjibu, na aibu ikanipanda mpaka masikioni.

Kama hatabadilika, kasema, mwakani atarudia darasa la kwanza. Njiani tulitembea chini ya mwavuli mmoja nikimhubiria. Hakujibu neno. Alikuwa anaruka madimbwi. Nikasimama nikamfokea mbele za watu, ndipo akaniangalia, akasema, "Ndiyo, baba," kwa adabu zake zote. Yaani mpaka ufoke.

13 Machi

Asubuhi: "Vaa viatu." "Nini?" "Vaa viatu!" "Nini?" Nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Akaniuliza, "Nini?" Shangazi akacheka mpaka akatoboa tundu mahali pasipo na kifungo. Mimi sikucheka.

17 Machi

Mama Kifungo anaamka mapema kuwahi tanuri la mikate, hivyo mambo mengi ya mtoto nayaona mimi. Lakini leo jioni ndiye aliyesema, "Huyu mtoto tumpeleke akapimwe masikio."

"Masikio yamefanya nini?"

"Redio anaikalia karibu. Na nikimsemesha nikiwa nimempa mgongo, hanijibu."

Nikamwambia ngoja nikuonyeshe kitu. Kifungo alikuwa chini, ameegemea mguu wa meza, anapanga vifungo, uso ameelekeza ukutani. Nikachukua mkasi nikagonga mara tatu, tena kidogo tu, kama kwa ncha ya kidole. Hapo hapo akageuka na kuinua nyusi, kama kawaida: unataka nini?

"Umeona?" nikamwambia mke wangu. "Masikio mazima. Anachagua la kusikia."

Nilijisikia kama mtu aliyeshinda kesi.

18 Machi

Hukumu imetoka. Kifungo haingii dukani mpaka ajifunze utii. Akitoka shule anakaa chumba cha nyuma na daftari lake, mlango umefungwa ili kelele zetu zisimpe kisingizio. Mwanzo alidhani natania. Alipoelewa alilia bila sauti, akakusanya vifungo vyake kwenye kopo akanikabidhi, ingawa sikumwambia arudishe.

"Umemwonea," Shangazi akasema.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, si wewe uliyenifundisha?"

"Nilikufundisha wewe. Wewe ulikuwa mkorofi kweli."

21 Machi

Mvua. Kola kumi na mbili zimekaa upande. Nimezifumua zote.

28 Machi

Duka limetulia mno. Shangazi haimbi. Nilipochungulia chumba cha nyuma, Kifungo alikuwa amekaa mkao uleule niliomwacha nao, anasema peke yake, na maneno yake nusu yanabaki mdomoni. Siku hizi anakula miisho ya maneno. Nikamwambia sema vizuri, wewe si mtoto mchanga. Akafunga mdomo kabisa, akatikisa kichwa tu. Nikasema moyoni, haya, angalau utii umeanza kuingia.

2 Aprili

Naandika tu.

Mchana mvua ilikatika kidogo. Kifungo alikuwa anarudi kutoka shule, namwona ng'ambo ya barabara nikiwa mlangoni na futi shingoni. Lori la mchanga lilikuwa linarudi nyuma kutoka kwenye kiwanja cha ujenzi, linalia ile milio yake, utingo anapiga bodi kwa kiganja, watu wanapiga kelele, "Mtoto! Mtoto!" Nami nikamwita kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Kifungo akaendelea kutembea. Hakukimbia, hakusita, alikuwa anaangalia ndala zake zisishike tope. Dereva alishika breki, sijui kwa kuona au kwa kudra. Tairi lilisimama, na pengo kati yake na mtoto ningeweza kulifunika kwa viganja viwili.

Nilivuka nikamshika bega. Mkono ulishapanda kumchapa, naandika ukweli. Kisha akanitazama. Uso ule haukuwa na ukaidi hata chembe. Alikuwa anashangaa watu wote wametokea wapi.

"Baba, nimefanya nini?"

Mkono ukashuka wenyewe.

Jioni nilimpeleka uani, kwenye udongo, mbali na meza, mbali na kila kitu cha kugonga. Mke wangu alisimama mlangoni. Nikamsogelea Kifungo kwa nyuma nikamwita jina kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka. Nikaongeza. Hakugeuka. Nikasema, "Kuna peremende." Hakugeuka hata kwa peremende. Nilipofoka ndipo akageuka, akatabasamu, akadhani ndiyo kwanza namwita.

"Nilikuambia," Mama Kifungo akasema. Alilisema mara moja tu, na hakupandisha sauti.

7 Aprili

Hospitali. Daktari wa masikio ni kijana, nilishajiandaa kumdharau, lakini alianza kwa kupiga magoti mbele ya Kifungo na kusema naye uso kwa uso, na Kifungo akamjibu sentensi nzima. Muda mrefu sijasikia sentensi nzima.

Walimwingiza kwenye kijichumba kisicho na sauti, wakamvika vile vya masikioni na kumpa vijiti vya rangi. Kila akisikia mlio, atie kijiti kimoja kwenye kopo. Mimi nilikuwa nje ya kioo. Namwona mpimaji anabonyeza, anabonyeza, na mwanangu ameshika kijiti hewani, macho yamemtoka, anataka sana asikosee. Kopo lilichelewa kupata kijiti cha kwanza.

Daktari akatueleza. Nyuma ya kiwambo, kile kingozi chembamba cha ndani ya sikio, kuna nafasi inayotakiwa kuwa na hewa. Ya Kifungo imejaa maji mazito kama gundi, masikio yote mawili. Mafua ya mara kwa mara huziba kamrija kanakopitisha hewa kutoka nyuma ya pua, maji yanakosa pa kutokea. Haumi, hana usaha, hana homa, ndiyo maana hatukujua.

"Ni kiziwi?" nikauliza.

"Hapana. Anasikia, ila kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye beseni. Sauti kubwa inafika. Ya kawaida inafika vipande vipande."

Nikaona nijitetee. Nikamweleza jaribio langu la meza, kwamba nilimgongea kidogo tu na akageuka. Akaniuliza alikuwa amekaa wapi. Nikasema chini, ameegemea mguu wa meza.

"Basi aliusikia kwa mgongo, baba," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya. Kumbe duka zima limekuwa likimsemesha mtoto wangu kwa mbao na mikono, na yeye akaona hapo ndipo mahali pekee duniani anapoelewana na watu. Nami nikamtoa hapo, nikamfungia chumbani ili ajifunze kusikia.

Tiba kwa sasa ni kungoja. Watoto wengi maji hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu. Dawa za kuua vijidudu hazisaidii hili, na tusimtie chochote sikioni, si mafuta, si vitunguu. Hapo nilimwona Shangazi moyoni mwangu akirudisha chupa yake ya mafuta kabatini. Tuseme naye tukimtazama, tuzime redio kwanza, shuleni akae mbele.

"Na nyumbani nani anavuta sigara?"

Mama Kifungo akaangalia ukuta. Nikainua mkono kama mwanafunzi. Moshi, akasema, unaukera ule mrija na kuchelewesha kupona. Mvua ikinyesha mimi navutia dirishani, ndani ya duka.

8 Aprili

Nilikwenda shuleni nimejaa hasira. Nilitaka kumwambia yule mwalimu yeye na ukaidi wake waende zao. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akakaa kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti juu.

"Nilimhamisha nyuma ya darasa," akasema. "Ndiyo adhabu niliyompa. Mstari wa mwisho, karibu na mlango, penye kelele zote."

Nikamweleza kuhusu chumba cha nyuma.

"Basi wewe ulimtoa dukani, mimi nikamtoa mbele ya ubao. Tumesaidiana."

Sasa hivi ni vigumu kumchukia, na ingekuwa nafuu kumchukia.

9 Aprili

Nimemfungulia duka. Niligonga mara tatu kwa kukanyaga sakafu, akaja, akasimama kizingitini. Hakuingia. Alingoja niseme kama ameruhusiwa. Mtoto aliyekaribia kuzaliwa juu ya meza hiyo anaomba ruhusa kuigusa. Shangazi akaona nimekwama, akamvuta kwa mkono na kumpa kopo lake.

Nilipokuwa namsuka baadaye nilimwambia samahani. Nilisema nikiwa nyuma yake, kwa sauti ndogo, kwa sababu mbele yake ningeshindwa. Najua hakusikia. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu.

16 Aprili

Daktari alimpa puto la kupuliza kwa pua. Unaziba tundu moja, unapuliza puto kwa lingine, hewa inafungua ule mrija wa ndani. Kifungo aligoma mpaka sote tupulize. Langu halikuvimba. La Shangazi lilivimba mara ya kwanza likaruka likatua kwenye pasi.

"Pua hiyo, Shangazi, ungeweza kuendesha kinu."

"Ni pua ya ukoo. Wewe umeidhulumu kwa moshi," akanijibu, na akaniacha hapo.

23 Aprili

Wiki nzima bila sigara. Nimekata kitambaa cha mteja kinyume cha nyuzi na kumlaumu mteja.

30 Aprili

Mvua. Mwalimu kamweka mstari wa kwanza, na kabla ya kusema anagusa dawati lake. Kifungo kaleta kazi yote sahihi. Kurudia darasa, mwalimu kasema, tutaangalia akishapona.

8 Mei

Nimevuta. Moja tu, nyuma ya duka, chini ya ukingo wa bati. Nilinawa mikono.

9 Mei

Moja.

13 Mei

Siandiki tena idadi. Leo nilipoingia ndani Kifungo alinikumbatia kiunoni, akatia uso wake kwenye sweta langu, akavuta pumzi, kama anavyofanya siku zote. Nilisimama mikono juu nisijue niiweke wapi. Mama Kifungo alikuwa anatuangalia. Alinivua sweta akalitia kwenye beseni la kufulia nikiwa bado naona baridi.

22 Mei

Mafua tena. Anakoroma kama mzee.

3 Juni

Mvua zinaisha. Leo alisikia kengele ya baiskeli ya muuza maziwa kabla yangu! Sote tulirukaruka kama wehu. Nilikwenda nyuma ya duka nikaitupa pakiti kwenye mtaro na kuikanyaga. Afadhali nimechelewa kuliko kutofika.

12 Juni

Siku mbili hizi ni "Nini?" tena. Daktari alituonya kwamba maji hupanda na kushuka. Lakini mimi kila "Nini?" naisikia kama shitaka. Nikimsemesha nimekuwa nikipiga kelele ili nisimkose, Shangazi kanikanya, kasema daktari alisema nimtazame, hakusema nimpigie mayowe. Najua. Naogopa kusema kitu asikisikie.

Usiku akishalala namwambia mengi. Nakaa ukingoni mwa kitanda nikisema naye kwa upole kabisa, mambo yote mazuri ambayo baba humwambia mwanawe.

8 Julai

Marudio hospitalini. Kijichumba kilekile, vijiti vilevile. Nilisali kwa kila kijiti. Masikio yote mawili bado yamejaa.

Daktari alikuwa anaandika, nikamwambia acha kwanza. Nikasema mbele ya mke wangu kwamba nilivuta mwezi wa Mei karibu wote, kwa siri, na nikimkumbatia mtoto kwa sweta lilelile. Nikamwuliza kama ni mimi niliyesababisha asipone.

Akaweka kalamu chini. "Siwezi kukwambia ni wewe. Wapo watoto ambao nyumbani kwao hakuna anayevuta na maji hayakuisha. Siwezi pia kukwambia si wewe. Usivute tena, hilo ndilo naweza kukwambia."

Nilitaka hukumu. Hata kifungo cha maisha kingeniridhisha kuliko hivi.

Sasa ni upasuaji mdogo. Atalazwa usingizi, watatoboa kiwambo katundu kadogo, wanyonye maji, waache kimrija cha kupitisha hewa. Kimrija hutoka chenyewe baada ya miezi kadhaa. Nilimwuliza mke wangu barabarani kama ananilaumu.

"Nakulaumu," akasema. "Na nilikuwa nakunusa wiki zote hizo nikanyamaza, kwa hiyo najilaumu na mimi. Haya, tembea, tutachelewa."

16 Julai

Wamemchukua asubuhi. Alikwenda ameshika mkono wa muuguzi, hakugeuka nyuma, na hata ningemwita asingesikia. Tulikaa kwenye benchi. Fundi mzima sikujua nifanye nini na mikono yangu. Kabla chai ya mke wangu haijapoa, daktari alikwisha kutoka na kusema yamekwisha, maji yalikuwa mazito kama alivyotarajia. Muda mfupi hivyo. Na mimi nilikaa na gundi ile msimu mzima nikiiita ukaidi.

17 Julai

Leo tumerudi naye nyumbani. Njiani alikuwa anashika ukingo wa gauni la mama yake na kushtushwa na kila kitu: mfuko wa nailoni, kuku, viatu vyake mwenyewe. Alisimama makusudi akakanyaga changarawe, akasimama tena, akakanyaga tena. Mama yake alikuwa analia na kucheka. Mimi nilikuwa mbele nakimbilia kufungua duka, nilitaka niwe mtu wa kwanza kumkaribisha.

Alipofika mlangoni niliinama, nikamshika mabega, nikamwambia kama nilivyozoea kumwambia miezi yote hii:

"MWANANGU! UNANISIKIA SASA?"

Akaruka nyuma. Akaziba masikio kwa viganja viwili na kujificha nyuma ya mama yake. Cherehani ya Shangazi ikasimama.

"Mbona baba amekasirika?" akamwuliza mama yake.

"Sijakasirika, Kifungo!" nikasema, na hata hilo lilitoka kwa kelele.

"Siku zote amekasirika," akasema, bado anaongea na mama yake, kwa utulivu, anaeleza jambo linalojulikana.

Nikasimama pale nikakumbuka kila kitu nilichomwambia tangu mvua ianze. Yale ya kufoka yote yalimfikia: ya mwavuli, ya viatu, ya sema vizuri. Ya upole niliyasema kwa sauti ya chini, nyuma ya kisogo chake, au akiwa usingizini. Hakuna hata moja lililofika. Baba ambaye mtoto huyu anamjua ni yule wa kufoka tu, na si maji yaliyomtengeneza.

Nilikaa sakafuni ili uso wangu uwe chini ya wake. Nikamwambia kwa sauti ninayotumia na wateja wenye heshima, hapana, chini ya hiyo, kwamba nampenda, na kwamba alikuwa hana kosa lolote, tangu mwanzo, na kosa lilikuwa langu.

Kifungo akashusha mkono mmoja kutoka sikioni. Kisha wa pili. Alinitazama mdomo kwanza, kwa mazoea, halafu macho.

"Kumbe baba anajua kusema polepole," akasema, akamgeukia mama yake kuona kama naye alikuwa analijua hilo.